Viazi vya Novemba

Mwaka jana, mwezi wa sita, mdogo wangu alinipigia simu jioni, giza ndiyo kwanza linaingia. Kwa kawaida huanza kwa kuulizia kuku, halafu jirani, halafu goti langu. Siku hiyo hakuulizia chochote. "Dada, wamekuja kupima," alisema. "Kigingi kimekaa juu kabisa, karibu na njia. Kinyungu cha mama chote kimebaki ndani."

Ndani ya mita 60, alimaanisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu katika umbali huo kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Kinyungu cha mama kiko hatua ishirini tu kutoka kijitoni. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakwenda na kurudi na debe la maji kichwani kabla mama hajamaliza kusafisha jembe.

Kwa msomaji asiyetoka Njombe wala Iringa, kinyungu ni bustani ya bondeni. Kiangazi kikiingia na maji yakipungua, watu hufyeka majani, huyafukia chini ya matuta mapana, huchimba mifereji katikati ili maji yasituame, kisha hupanda mahindi, maharage, mboga na viazi, wakati huo mlimani ni vumbi tupu. Ukisimama ng'ambo mwezi wa kumi unaona vilima vya kahawia, na chini yake utepe wa kijani unaopindapinda kufuata maji.

Sibishani na kigingi. Kijito kile kinaingia Ruhuji, Ruhuji inaingia Kilombero, Kilombero inaingia Rufiji, na huko ndiko lilikojengwa bwawa la Julius Nyerere linalotupa umeme. Maji yana wenyewe wengi kuliko sisi wa kijijini. Ninalonung'unikia ni jingine: ng'ambo ya kijito hicho hicho ipo milingoti iliyopandwa hadi ukingoni, inakunywa maji mchana na usiku, na siku ile kamba haikuvuka kuipima. Lakini hayo nimeshayasema kwa wanaohusika. Usiku ule, baada ya kukata simu, nilichokuwa nakiwaza ni viazi.

Nyumbani mvua ni moja kwa mwaka. Huanza Novemba, huisha Aprili au Mei. Mahindi ya mlimani yanachukua muda mrefu kwa sababu ya baridi. Ya Novemba unakuja kuyavuna mwaka wa pili, kiangazi kimeshaanza. Kwa hiyo mvua inapoanza, ghala linakuwa linaelekea chini, na watu wanafanya kazi ngumu kuliko zote za mwaka wakiwa na chakula kidogo kuliko wakati wote. Hapo ndipo viazi vya kinyungu vilipotukuta. Vilipandwa mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na ilipofika wiki ya tatu ya Novemba mama alikuwa anarudi na ungo umefunikwa jani la mgomba.

Havikuwa vingi. Na hakuvichimba. Alikuwa anapiga magoti pembeni ya tuta, anaingiza mkono ubavuni taratibu, anapapasa. Ukimtazama usoni ungedhani anasikiliza kitu. Akikuta kiazi kimefika ukubwa wa yai anakizungusha mpaka kinaachia, anakitoa, kisha anarudishia udongo na kuushindilia kwa kiganja, shina libaki limesimama na vile vidogo viendelee kukua. Mimi nikivuta shina zima ananipiga kofi la mkono. "Unamwomba," alikuwa anasema, "humnyang'anyi."

Kiazi cha namna hiyo hakimenywi. Ngozi yake bado ni laini kama karatasi ya sigara, ukiisugua kwa kidole gumba inatoka. Tulivichemsha, chumvi kidogo, tukala vikiwa vya moto hata ulimi ukaungua. Nimekula viazi katika hoteli za miji mitatu au minne tangu wakati huo. Sijaonja tena ladha ile, na sidhani kwamba ni kumbukumbu tu inayonidanganya. Kiazi kilichotoka ardhini saa moja iliyopita ni kitu kingine.

Mwaka 1974 ilikuja Operesheni Vijiji. Nilikuwa na miaka minane. Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya bonde, ukiita mtu kinyunguni anakusikia. Tukahamishiwa barabarani, kwenye mstari mmoja na watu wengine, na kutoka hapo hadi kinyunguni ikawa mwendo wa saa nzima. Wengi waliacha. Waliokuwa na wanaume wenye nguvu walipata mashamba mapya karibu. Mama hakuacha, ila alibadilisha jambo moja ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima: kwa kuwa bustani ilikuwa mbali, kazi yote iliyoweza kufanyika nyumbani aliifanyia nyumbani.

Chini ya paa, upande wa nyuma ambako jua haliingii moja kwa moja, alitengeneza kichanja cha mianzi. Mwezi wa sita alipanga pale viazi vya mbegu, safu moja, kimoja kimoja, upande wenye macho mengi ukitazama juu. Havikutoka kinyunguni. Vilitoka shamba la mlimani lililovunwa Aprili, kwa sababu kiazi kikivunwa hulala kwanza. Ukikipanda kabla hakijaamka kinakaa tu ardhini kinangoja, na wewe unangoja nacho. Vilivyovunwa Aprili, ilipofika Julai vilikuwa vimeamka. Mwanga wa pale chini ya paa ulivifanya vichipue machipukizi mafupi, manene, ya rangi ya zambarau iliyochanganyika na kijani, magumu hata ukiyagusa hayavunjiki. Kiazi chenyewe kiligeuka kijani, na hapo kikawa si chakula tena, kwa sababu kijani hicho huja pamoja na sumu iitwayo solanini. "Viazi vya kichanja havipikwi," ilikuwa sheria, na mdogo wangu aliyejaribu kuchoma viwili kwa siri anakumbuka tumbo lake mpaka leo.

Mwaka mmoja, nadhani nilikuwa darasa la nne, mama alikwenda kumuuguza bibi na akaniachia kazi ya kupanga mbegu. Nilipanga nusu. Nusu nyingine niliimimina kwenye gunia, nikalisukuma kwenye kona ya jikoni nyuma ya kuni, nikaenda kucheza. Alirudi baada ya wiki kadhaa. Gunia lilipofunguliwa lilikuwa limejaa machipukizi marefu meupe kama mikia ya panya, yamefumana, na kila tulipojaribu kuyatenganisha yalikatika. Hakunigombeza. Tulikwenda kupanda, za kichanja kwenye matuta yake, za gunia kwenye matuta yake, bila neno.

Za kichanja zilitokeza baada ya siku kumi hivi. Za gunia zilingoja karibu mwezi, tena zikatokeza moja hapa, moja kule. Novemba mama aliweka bakuli mezani akanitazama. "Hivi ni vya kichanja," alisema. "Vya gunia tutakula Krismasi."

Nimesoma baadaye maelezo ya wataalamu kuhusu mwanga hafifu, umri wa mbegu na idadi ya machipukizi. Yote yanasema alichokijua mama. Watu wengi, hata kijijini kwetu, waliamini kwamba viazi vyetu viliwahi kwa sababu ya bonde na maji yake. Bonde lilitupa unyevu wa kiangazi, basi. Zile wiki tatu tulizowatangulia majirani zilitoka nyuma ya nyumba, kwenye mianzi.

Baba hakuwa na subira ya kichanja. Yeye alikuwa mtu wa kuhesabu bei. Mwaka ule vita vya Kagera vilipokwisha, sukari na sabuni hazikamatiki, alisikia kwamba mjini viazi vya kwanza vinagombewa, akaamua kupanda mapema kuliko wote. Mei mwishoni alikuwa ameshamaliza matuta kumi na mawili. Viliota vizuri, na kijani chake ungekiona kutoka barabarani. Kisha ikaja asubuhi moja ya Julai, majani yote ya bondeni yamefunikwa weupe, ardhi inalia chini ya miguu kama unakanyaga makapi. Jua lilipopanda weupe ukayeyuka, na mchana mashina yalikuwa meusi, yamelegea, kama yamemwagiwa maji ya moto.

Jalidi haipigi kila mahali sawa. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku usio na mawingu huteremka mlimani kama maji na kujaa bondeni. Mwenye shamba juu kidogo huamka salama, wa chini hulia. Mama alilijua hilo, ndiyo maana hakugusa tuta la viazi kabla ya mwisho wa Agosti. Mashina ya baba yalichipua tena kutoka chini, maana kiazi hakikati tamaa upesi, lakini yalitupa vitu vya ukubwa wa karanga, na mwezi ule ule mama alipokuwa anatoa vya kwake. Tangu hapo nikisikia mtu anasema "wahi" huwa namuuliza kimoyomoyo: kumwahi nani, na wapi?

Miaka ya tisini nilikuwa Dar es Salaam, mtu wa ofisi, nimepanga vyumba viwili Tabata. Nilimwona kila jioni kijana aliyekaanga chipsi pale kituoni, na kila ilipofika Desemba niliona anagombana na wateja. Chipsi nyeusi nje, laini ndani, zimelowa mafuta. "Si mimi, dada," aliniambia, "viazi vina maji." Mwaka mmoja nilikwenda likizo nyumbani, nikaona upande wa pili wa ugomvi huo. Dalali amesimama kwenye shamba la mjomba, viazi vina miezi miwili na siku chache, anamwambia ang'oe leo kwa sababu wiki ijayo bei itashuka. Mjomba akang'oa. Vikajazwa lumbesa, gunia limeongezewa kilemba juu mpaka linatisha, bei ni ya gunia moja. Ngozi ilikuwa inachubuka kwa kushikwa tu. Vikasafiri usiku kucha chini ya turubai, na huko vilikofika vilikuwa na mabaka.

Kiazi kichanga kina maji mengi na sukari ambayo bado haijageuka wanga, ndiyo maana kinaungua haraka kwenye mafuta. Ni kile kile kilichokuwa kitamu kwenye sufuria ya mama. Kwa kula nyumbani, saa hiyo hiyo, hakina mpinzani. Kwa gunia na lori, kikatwe majani kwanza, kiachwe ardhini wiki mbili ngozi ikomae. Mjomba alilijua hilo vizuri kuliko dalali, ila ada ya shule haikungoja ngozi ikomae.

Katika miaka hiyo hiyo nilijiona mjanja. Nilichukua mbegu nyumbani, nikaja nazo Dar, nikazipanda kwenye ndoo nane za plastiki uani, udongo mzuri niliununua kwa wauza maua. Nilifuata kila kitu, hata kichanja nilikitengeneza kwa boksi la mayai. Majani yalikuja makubwa hayajawahi kutokea. Mwenye nyumba alileta wageni kuyatazama. Mke wake akanitania, "Mwalimu wa viazi, tutakula lini?" Mwezi wa tatu nilipindua ndoo ya kwanza. Kulikuwa na mizizi, na gololi tatu. Ndoo zote nane hazikujaza kikombe cha chai.

Mmea wa viazi hufunga vizuri usiku ukiwa na ubaridi. Joto la usiku likizidi nyuzi 20 hivi, unaendelea kutengeneza majani na kusahau chini. Sikujua. Nilichokifanya ni kumlaumu muuza udongo, Mungu anisamehe. Msomaji wa Dar, Tanga au Mombasa anayetaka bustani ya nyumbani, nakushauri kwa upendo: panda viazi vitamu. Mbatata mwachie mtu wa Njombe, Mbeya, Lushoto au Nyandarua.

Nilistaafu 2021, nikarudi Njombe, nikajenga pembezoni mwa mji, kwenye mteremko. Mwaka uliofuata nikawa na haraka ya kuwa mkulima. Mbegu nilinunua sokoni, zile ndogondogo zilizobaki baada ya wanunuzi kuchagua, kwa sababu ni rahisi na kila mtu hufanya hivyo. Viazi vilikuwa vimeanza kutoa maua siku nilipoona shina moja limenyauka mchana wa jua kali na udongo umelowa. Kesho yake yakawa matano. Nikaongeza maji.

Bwana shamba, kijana mpole aliyeniita mama tangu mwanzo, aliomba glasi ya maji safi. Nikadhani ana kiu. Alikata kipande cha shina karibu na ardhi, akakishika wima, ncha yake ikigusa maji kwa juu, akaniambia nisitikise meza. Tulikaa kimya. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kuteremka kutoka kwenye shina, polepole, ukanyooka hadi chini ya glasi. Halafu wa pili. "Mnyauko wa bakteria, mama," alisema. "Hauna dawa." Tuling'oa pamoja na udongo ulioshika mizizi. Kona ile sasa ni ya mahindi tu, na alinikataza kupanda hapo nyanya, bilinganya au pilipili, maana ni ndugu wa kiazi na huugua naye.

Alipokuwa ananawa mikono aliniambia jambo lililonifanya nikae chini. Mbegu ndogondogo sokoni, alisema, mara nyingi ni watoto wa mashina magonjwa. Shina lenye afya huzaa vikubwa, na vikubwa vimeshauzwa. Ukitaka mbegu yako mwenyewe, pita shambani viazi vinapotoa maua, weka kijiti kwenye kila shina lenye nguvu lililozungukwa na wenzake wenye afya, kisha wakati wa kuvuna anza na hayo, uyaweke peke yake.

Vijiti. Nyumbani shamba la mlimani lilikuwa na vijiti kila Februari. Mimi na mdogo wangu tulidhani mama anapamba. Mara moja tuliving'oa vyote tukavitumia kujengea kibanda cha mchezo, na hiyo ndiyo siku pekee ninayokumbuka alitufukuza na fimbo hadi kwa jirani.

Kwa hiyo, baada ya simu ile ya kigingi, nilimpigia mdogo wangu kesho yake asubuhi. Sikumuuliza kuhusu kinyungu. Nilimuuliza kama ana mbegu ya mlimani, ya Aprili, na kama aliweka vijiti. Akacheka. Anaweka kila mwaka. Akaniletea kwa basi boksi la viazi hamsini, kila kimoja ukubwa wa yai, nikavipanga chini ya paa nyuma ya nyumba juu ya kichanja cha mabanzi, kwa kuwa mianzi mjini inauzwa bei.

Upande wa pili wa nyumba, mbali na kona iliyougua, nilitengeneza matuta manne. Nilifukia majani chini yake kama bondeni, nikafunika juu kwa nyasi kavu unyevu usikimbie. Maji yalitoka kwenye tangi la paa mpaka lilipokauka, kisha ndoo moja asubuhi na maji ya kusuuzia vyombo jioni. Nilipanda tarehe 3 Septemba. Vilipofika kiwiko nikavipandishia udongo, kwa sababu viazi hufunga kwenye vikonyo vinavyotoka ubavuni mwa shina lililozikwa, na shina likiwa wazi hakuna pa kufunga. Dawa ya ukungu sikuinunua. Ukungu, huo huo ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845, unapenda baridi na majani yaliyolowa siku nyingi mfululizo, na Oktoba yetu ni kavu. Ulipofika na mvua za Desemba ulikuta nimebakiza tuta moja.

Tarehe 20 Novemba, siku ya 78, nilipiga magoti. Goti lile bovu nililiwekea gunia. Niliingiza mkono ubavuni mwa tuta la kwanza, nikapapasa, nikagusa kitu cha mviringo, baridi, kimekaa kimya. Nilitoa kumi na tatu siku hiyo bila kung'oa shina hata moja.

Mdogo wangu alikuja Jumapili na mkewe. Nilichemsha vyote, nikaweka bakuli mezani. Alisugua ngozi ya cha kwanza kwa kidole gumba, akala, akachukua cha pili. Alipofika cha nne mkewe akamkumbusha kwamba hawajanisalimia vizuri.

Kinyungu sasa kimeota matete, na mdogo wangu ameanza matuta yake nyuma ya nyumba. Kichanja changu mwaka huu kina mbegu sitini na nne, zote za mashina yenye vijiti. Kama unaishi mahali pa baridi na una nafasi ya matuta mawili, usingoje mvua ndipo uende sokoni kutafuta mbegu. Mwombe mtu anayeweka vijiti akupe kumi, uzipange chini ya paa mwezi wa sita.